Sebule ya L na mziki wa spika tano: sauti inagomea wapi na ufanyeje

Kitabu kinachokuja ndani ya boksi la hom thieta kina mchoro mmoja tu, chumba cha mraba, TV katikati ya ukuta, kochi katikati ya chumba, spika mbili huku na huku kwa nyuma. Sasa njoo kwenye nyumba zetu. Sebule imeungana na daining ikatoka L, kulia kuna dirisha kubwa la aluminiamu, kushoto hakuna ukuta kabisa ni meza ya chakula na mlango wa jikoni, nyuma ya kochi korido ya kwenda vyumbani, na soketi fundi kaziweka anakojua yeye. Mtu anafunga spika zake tano na sabufa kufuata kuta zilipo, akikaa anasikia sauti imeelemea upande mmoja, besi inavuma mezani wakati yeye yuko kwenye kochi, maneno ya muvi hayashiki. Kinachofuata anaanza kutafuta hela ya mziki mkubwa zaidi. Tulia kwanza mkuu, mara nyingi wati sio tatizo.

Spika zinapangwa kufuata kiti, hazipangwi kufuata kuta. Chagua kiti kimoja, kile unachokaa wewe au mnachogombania, na ujifanye ile daining haipo. Kila kipimo kianzie kwenye kichwa cha mtu aliyekaa hapo. Wengine watakaokaa pembeni watasikia vizuri kiasi chao, na hilo likubali mapema kabla hujaanza kutoboa ukuta.

Chukua kamba. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kiti usawa wa masikio, ambao kwa mtu aliyekaa ni kama mita 1 kutoka chini, wewe nenda na ncha nyingine hadi spika ya mbele kushoto, funga fundo. Kamba hiyohiyo ifike spika ya kulia, na urefu huohuo ndio uwe umbali kati ya spika hizo mbili. Kiti kikiwa mita 3, spika za mbele ziachane mita 3. Hiyo ndo pembe ya nyuzi 30 kila upande wanayoiongelea wataalamu, umeipata bila kifaa chochote. Kwa za nyuma, kaa kiti hichohicho ukiangalia TV, nyoosha mikono yote miwili pembeni, alafu irudishe nyuma kidogo mpaka mabega yaanze kulalamika. Vidole vinapoelekea, au karibu na hapo, ndo sehemu ya spika za nyuma, maana kipimo cha kimataifa cha 5.1 (yani spika tano na sabufa moja) kinataka nyuzi 100 mpaka 120 kutoka mbele. Unaona kwamba zinakaa pembeni kwa nyuma kidogo tu, sio kule kisogoni watu wengi wanakozitundika.

Baada ya hapo ndo tuanze kuangalia dalili.

Spika za nyuma kimya kabisa

Hii ina sababu za kijinga kuliko zote kwaiyo imalize kwanza. Ingia kwenye meniu ya mziki tafuta testi toni, ule mlio wa "shhhh" unaozunguka spika moja baada ya nyingine. Spika isipotoa mlio hapo, angalia waya umechomoka au umeumwa na mguu wa kochi. Ikitoa mlio vizuri alafu kwenye muvi inanyamaza, ujue spika nzima na waya mzima, kinachokosekana ni sauti yenyewe ya chaneli tano. Bluetooth ya simu inaleta stereo tu, yani chaneli mbili za kushoto na kulia, chaneli nyingi za bure kwenye king'amuzi ni stereo, na muvi zile za kutafsiriwa unazojaziwa kwenye flashi mara nyingi ni stereo na mtafsiri kapandishwa juu yake, hapo hata ufunge spika kumi na moja hakuna kitu cha kuzipelekea. Kama mziki una Pro Logic au programu kama hiyo washa, itatengeneza sauti ya nyuma ya kubahatisha, na kwa mpira inafaa sana kwasababu kelele za mashabiki zinasambaa vizuri.

Ila kama chanzo kina 5.1 kweli na umeunganisha TV kwa waya wa optiko au HDMI ARC (lile tundu la HDMI la TV linalorudisha sauti kwenye mziki), fungua setingi za sauti za TV uangalie kama iko PCM. Ikiwa hapo, kwa njia hizo mbili TV inatuma stereo. Weka Bitstream au Auto au Dolby Digital, jina linategemea TV. Watu wamebadilisha mpaka mziki kwa ajili ya hiyo meniu moja.

Sauti yote imelalia upande wa ukuta

Hapa ndo ugonjwa wenyewe wa sebule ya L. Spika ya kulia iko karibu na ukuta na kioo, sauti yake inagonga pale inarudi kwako ikiwa na nguvu ya ziada. Ya kushoto inapiga daining, inazunguka huko kwenye viti na friji, inayorudi ni kidogo na imechelewa. Sikio linaona kulia kuna sauti kubwa na iliyojaa, basi picha nzima ya sauti inahamia kulia, mtangazaji wa habari yuko katikati ya skrini ila unamsikia dirishani.

Suluhisho bora halina gharama ila lina ugomvi wa nyumbani: geuza sebule nzima. Kama inawezekana TV ihamie ukuta ambao ukikaa kuuangalia, ule upande wa wazi unakuwa nyuma yako. Uwazi ukiwa nyuma, kushoto na kulia vinafanana, na spika za mbele zinapata mazingira sawa. Uwazi ukiwa pembeni utapigana nao maisha. Najua mama mwenye nyumba ana mawazo yake kuhusu TV inakaa wapi, na antena imeshatobolewa ukutani, ila jaribu hata kwa siku moja ukiwa umeiweka TV juu ya stuli kabla hujasema haiwezekani.

Ikishindikana, fanya hivi. Spika ya kulia itoe ukutani, hata sentimita 60 zinaleta mabadiliko. Dirisha livalishe pazia zito, sio ile neti peke yake, neti sauti inapita kama haipo. Sehemu ya kuweka pazia unaitafuta kwa kioo cha kujitazamia: mtu akitembeze kioo kwenye ukuta wa kulia wewe ukiwa kwenye kiti, pale utakapoiona spika ya kulia ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kuja kwako, hapo ndo pafunikwe. Alafu spika zote mbili za mbele zigeuze kidogo ziangalie kiti, ili uchukue zaidi sauti ya moja kwa moja kuliko ya kugonga. Mwisho kabisa, ndo ongeza kushoto desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1 au 2 kwenye meniu. Ukianza na meniu kabla ya pazia utaongeza mpaka 6 na bado haitakaa sawa, kwasababu tatizo sio ukubwa peke yake.

Nyuma naisikia spika moja tu

Kwenye L kawaida spika moja ya nyuma iko ukutani mita moja na nusu kutoka sikioni, nyingine iko mbali kwenye nguzo au kona ya daining mita 3 na zaidi. Kwenye joto la nyuzi 25 sauti inakimbia kama mita 346 kwa sekunde, yani kila mita moja inakula karibu milisekunde 3. Tofauti ya karibu mita 2 ni milisekunde 5 na ushee. Ni kidogo mno kuisikia kama mwangwi, ila sikio la binadamu linafuata sauti iliyofika kwanza na kuweka zote mbili upande huo, kwaiyo hata ukipandisha ile ya mbali utasikia kelele zaidi bila kuhisi inatoka kule.

Dawa yake ni setingi ya umbali, kwenye mziki mwingine wanaita delei. Pima kwa tepu kutoka kichwani hadi kila spika uandike umbali wa kweli, mashine itaichelewesha ya karibu ili zifike pamoja. Ukimaliza umbali ndo urekebishe ukubwa kwa testi toni, na hapo tumia programu ya kupima desibeli kwenye simu, simu iwe sehemu ileile na imeelekea juu muda wote. Namba yenyewe inaweza isiwe sahihi, haina shida, unachotaka ni kila spika isome sawa na wenzake.

Kuna hizi hom thieta za bei ya kawaida hazina setingi ya umbali, ukibonyeza rimoti unapata ukubwa tu. Hapo cheza na mwelekeo. Ile ya karibu igeuze isikuangalie, ielekee ukutani au dari, sauti iende ikagonge kwanza ndo ije, safari inakuwa ndefu na inasambaa. Ya mbali iache ikuangalie uso kwa uso. Na zote zipande juu kidogo kuliko sikio, kama nusu mita hivi, hazitamchoma aliyekaa kona ya kochi.

Pasipo na ukuta kabisa wa kushika spika, stendi ya chuma kwa fundi wa grili haichukui muda, bomba moja na sahani ya chini, apige rangi nyeusi. Usiibandike spika kwenye jipsamu kwa skrubu peke yake. Jipsamu haishiki uzito na siku sabufa inapiga itaanza kulegea.

Kuhusu waya wa kuzungukia mlango kufika huko mbali: ule mwembamba uliokuja nao usiuunge unge kufikisha mita 10. Spika nyingi za seti hizi ni omu 3 au 4, na waya mwembamba unakula sehemu ya nguvu njiani. Nunua waya wa milimita za mraba 1.5, huohuo mafundi umeme wanaotumia kwenye taa, ila chagua wa nyuzi nyingi laini usije ukakatika ukiukunja, upitishe kwenye mfereji wa plastiki juu ya fremu ya mlango. Kwa spika ya omu 4 huo unakutosha mpaka kama mita 8 bila wasiwasi.

Besi iko mezani, kwenye kochi hamna

Hii inawachanganya watu kuliko zote, mtu anayekula daining anatetemeshewa sahani, wewe mwenye mziki umekaa mbele ya sabufa husikii kitu. Sabufa haina kosa. Besi ina mawimbi marefu, sauti ya 35 Hz (mitetemo 35 kwa sekunde) wimbi lake ni karibu mita 10, na chumba kinachagua masafa ambayo nusu ya wimbi inaenea kati ya ukuta na ukuta. Chumba cha mita 5 kinafanya hivyo kwenye 35 Hz hivi, cha mita 4 kwenye 43. Kwenye masafa hayo besi inajaa kwenye kuta na kona, katikati ya chumba inapotea. Sasa kwenye L una urefu wa sebule peke yake, na una urefu wa sebule pamoja na daining, kila mmoja na masafa yake, na ukiweka kochi katikati ya ule urefu mkubwa umekaa kwenye shimo lake wakati meza iko ukutani inavuna.

Kwaiyo kitu cha kwanza kusogeza ni kochi, hata kabla ya sabufa. Nusu mita mbele au nyuma unaweza ukasikia tofauti ambayo usingeinunua kwa sabufa ya inchi 12. Ila usilibandike ukutani, ukiegemea kisogo ukutani besi inakuwa nyingi na ya kuvuma noti moja, kila wimbo unasikika uleule.

Ukishapata pa kochi, sabufa inatafutiwa sehemu kwa njia ambayo watu watakucheka lakini inafanya kazi. Ibebe iweke juu ya kile kiti unachokaa, piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, dansi ya zamani ni nzuri sana kwa hili, alafu wewe tambaa chini ukutani na kwenye kona ukisikiliza. Sehemu utakayosikia kila noti inatoka sawa, haijazidi moja na kupotea nyingine, ndipo sabufa ipelekwe. Watoto watadhani umepoteza kitu.

Kuna angalizo hapa. Kwenye zile seti zenye spika ndogo za inchi 3 sabufa inabeba mpaka 120 Hz au 150, na huko juu sikio linaweza kujua inatoka wapi. Ukiitupa kona ya daining utasikia sauti nzito ya mwanaume inatokea chini ya meza. Seti za namna hiyo sabufa ibaki mbele, kati ya TV na spika moja, utafute sehemu nzuri ndani ya eneo hilo tu. Wenye spika kubwa wanaoweza kukata kwenye 80 Hz, sabufa ikabeba chini ya hapo tu, ndo wana uhuru wa kuzunguka nayo chumba kizima.

Na kama nyuma ya sabufa kuna swichi ya fezi, 0 na 180, inayogeuza mwendo wa kusukuma na kuvuta wa sabufa, iguse. Kaa kwenye kiti, mtu abadilishe wewe usikilize, upande ambao besi imejaa zaidi pale inapoungana na spika za mbele ndo upande wako. Hakuna jibu la jumla.

Milio inatisha, maneno hayasikiki

Angalia senta, ile spika ya katikati inayobeba maneno. Nusu ya wakati utaikuta imesukumwa ndani kabisa ya shelfu la TV, mbele yake kuna rimoti tatu na king'amuzi kimekaa juu. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa shelfu, na kama iko chini ya magoti weka kitu chini ya mbele yake iinuke iangalie uso. Kisha ipandishe desibeli 2 mpaka 3. Washa na ile setingi ya usiku inayobana milio mikubwa na kuinua midogo, wenye nyumba za kupanga hii ni ya kuiacha hivyo hivyo.

Alafu kuna pangaboi. Dar mwezi wa pili hakuna anayezima pangaboi kwa ajili ya muvi, na likiwa namba tano lile vumo lake linafunika mwisho wa maneno, zile s na f zinapotea. Kabla hujalaumu senta, lizime dakika moja usikilize. Kama maneno yamerudi, kaze skrubu za mapanga yake au weka feni ya kusimama pembeni, itakusaidia kuliko spika mpya.

Chumba kinalia kama bafu

Piga kofi moja ukiwa katikati. Ukisikia "trrrr" baada ya kofi, ni marumaru chini, jipsamu juu na kuta tupu zinarushiana sauti. Zulia nene kati ya TV na kochi ndo la kwanza, pazia la pili. Ukuta wa nyuma shelfu la vitabu au kabati lisilo na vioo. Trei za mayai achana nazo, haziwezi kitu kwenye besi, huko juu zinasaidia kidogo sana, na zinakusanya vumbi na mende.

Zile nyumba zenye ukuta wa mbele wa duara, madirisha matatu yamepinda, zina lake: ukuta uliobonyea kwenda nje kama bakuli ukiutazama kutoka ndani unakusanya sauti sehemu moja. Tembea ukiongea kwa sauti ya kawaida, kuna sehemu utajisikia sauti yako imekuja masikioni ghafla. Pale usiweke kiti, na mapazia ya upande huo yafungwe ukiangalia muvi.

Sauti ipo ila imepwaya, haijulikani inatoka wapi

Besi nyembamba, mtangazaji anaelea chumba kizima. Waya wa spika moja umegeuzwa, nyekundu kwenye nyeusi. Moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinauana. Waya una mstari au maandishi upande mmoja, fuata huohuo kwenye spika zote. Kwenye L wengi wanausingizia umbo la chumba wakati ni hili.

Mngurumo wa "mmmm" hata ukiwa haujapiga kitu

Chomoa waya wa antena au wa dishi kwenye king'amuzi. Mngurumo ukiisha, ujue unatokea huko, basi king'amuzi, TV na mziki vyote viende kwenye ekstensheni moja. Usikate ile pini ya ethi (inayopeleka umeme uliovuja ardhini) kwenye plagi kama mafundi wengine wanavyofanya, mngurumo utaisha kweli na siku moja umeme utakupitia wewe.

Kuna kitu kinatetemeka sikijui

Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, unganisha, anza 30 Hz panda taratibu mpaka 100 huku sauti ikiwa ya wastani. Kila kitu kina masafa yake, kitalia pale pale kila ukirudi. Ukikipata masafa acha toni iendelee, zunguka ukishika kwa kiganja kimoja kimoja: vioo vya kabati la vyombo, fremu ya wavu wa mbu dirishani, kifuniko cha taa ya jipsamu, picha ukutani. Kitakachonyamaza ukikishika ndo chenyewe. Kioo cha kabati kinatibiwa na vipande vya sponji pale kinapokutana na mbao, dirisha la kuslaidi kwa karatasi iliyokunjwa kwenye reli. Na kama mtetemo uko kwa jirani wa chini, sabufa iweke juu ya kipande cha godoro kigumu chenye ubao juu yake, itapunguza kinachopita sakafuni, ila kinachopita hewani ni kushusha sauti tu.